Wifi Yangu na Nondo Aliyemla Chui

Wifi yangu ana tabia moja iliyonikera kwa miaka ishirini na sita, tangu siku alipoolewa na kaka yangu: hagombani. Nikimsema, ananisikiliza mpaka mwisho, anasukuma miwani yake juu ya pua, kisha ananiuliza kama nimekula. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Unakula, unaaga, na hasira zako unarudi nazo nyumbani vilevile ulivyokuja nazo.

Kazi yake ilikuwa kutunza wadudu katika makumbusho ya mji wetu. Sisemi hivyo kwa kejeli, ndivyo barua yake ya ajira ilivyosema. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya nyuma, mlango wa pili baada ya choo, na ndani yake mlikuwa na makabati kumi na manne ya mbao, yenye droo zilizofunikwa kwa kioo. Chini ya kioo walilala wadudu waliopigwa pini kifuani, mmoja mmoja, mistari imenyooka kama ya wanafunzi paredini. Vipepeo walikuwa na makabati mawili. Mende na nyigu walikuwa na matano. Saba yaliyobaki yalikuwa ya nondo, wale wadudu wa kijivu wanaokuja jioni kujigonga kwenye taa na kuangukia kwenye sahani za watu. Miaka thelathini na moja aliwakusanya, akawapanga, akawafukuzia vumbi na ukungu. Kazini walimwita Mama Pini, naye aliitika bila kinyongo.

Nyumbani kwao mambo yalikuwa hayohayo. Ukifungua friza kutafuta barafu, unakutana na kopo la biskuti limeandikwa SI CHAKULA, na ndani yake nondo wa wiki hiyo. Alinieleza kwamba baridi huwaua bila kuwavunja. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa mafriji, alisema alioa akijua, na kwamba kuna wanaume wanaovumilia makubwa kuliko hayo.

Mimi nilikuwa mkata tiketi wa makumbusho hayohayo. Kazi ni yeye aliyenitafutia, jambo ambalo kaka hunikumbusha kila tukikosana. Nilikaa mezani pale mlangoni, na jina langu la kazini lilikuwa Redio, kwa sababu nilikuwa sizimwi. Mbele ya meza yangu, juu ya jukwaa la mbao, alisimama chui.

Alikuwa dume kubwa, aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Fundi fulani wa zamani alivisha ngozi yake juu ya umbo la mbao na majani makavu, akamwekea macho ya kioo, akauacha mdomo wazi kidogo ili meno yaonekane. Watu walikuja kwa ajili yake. Wakiingia kumi, tisa walipiga picha na chui na mmoja aliuliza choo kiko wapi. Chumba cha wadudu kilipata mgeni mmoja kwa wiki, na mara nyingi alikuwa ni yule wa choo, amekosea mlango.

Nisifiche: mimi nilikuwa upande wa chui. Nilimpangusa kila asubuhi kwa brashi laini, nikamsalimia nikiingia na kumuaga nikitoka. Nikiwa na wifi nilimtania wazi. Nilimwambia mimi nina mnyama wa kumtetemesha mtu mzima, yeye ana vumbi lenye mabawa. Alicheka, akaniuliza kama nimekula.

Kisha tukaletewa Mkurugenzi mpya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye suti nzuri na haraka nyingi, na aliyapenda makumbusho kwa dhati, ila aliyapenda kama yatakavyokuwa, si kama yalivyo. Wiki ya kwanza alileta kutoka sebuleni kwake zulia jekundu la sufu, la zamani lakini la heshima, akalitandika mwenyewe chini ya miguu ya chui. Mwezi wa pili alitangaza mipango. Wifi yangu angestaafu mwisho wa mwaka, na akistaafu, hakuna atakayeajiriwa mahali pake. Chumba kingefungwa. Droo zingeteremshwa kwenye ghala la chini, ambako mabomba huvuja, na chumba kigeuzwe sehemu ya kununulia vinywaji.

Kila aliyefanya kazi pale alijua maana yake. Wadudu waliokaushwa wasipokaguliwa huliwa na ukungu na wadudu walio hai, na miaka miwili inatosha kuzigeuza droo zote kuwa unga. Wifi alisikiliza tangazo lile mikono ikiwa mapajani, akasema amesikia. Mimi ndiye niliyetoka nikiwa nimekunja uso, na sikujua hata kwa nini, maana nondo walikuwa hawanihusu.

Ili ionekane haki imetendeka, Mkurugenzi alimpa fomu. Alitakiwa achague mdudu mmoja kati ya wote alionao, amlinganishe na chui, mstari kwa mstari, ili bodi ijionee nani anastahili nafasi. Nilidhani atachagua lile nondo lake kubwa la kijani lenye mikia miwili, ambalo hata mimi nililikubali kimoyomoyo. Hakulichagua. Alichagua nondo wa nguo, yule mdogo anayetoboa masweta kabatini.

Fomu ilipita mezani kwangu ikiwa haina bahasha, na mimi si mtu wa kuachia karatasi ipite hivihivi. Kwenye urefu aliandika: chui, mita mbili na robo pamoja na mkia, nondo, kama punje ya mchele. Uzito: chui, kilo sitini alipokuwa hai, nondo, mizani yetu haimuoni. Chakula: chui, nyama, nondo, hali kitu, kwa sababu akishaota mabawa hana mdomo wa kulia, alikula alipokuwa kiwavi. Anachokula kiwavi: sufu, manyoya, pembe, kucha. Idadi ya wageni kwa mwaka: chui, wote, nondo, hakuna. Na chini kabisa, penye nafasi ya maoni, alikuwa ameandika kwa ule mwandiko wake mdogo: "Chui hawezi kumla nondo huyu. Nondo huyu anaweza kumla chui. Naomba kwa mara ya tatu niruhusiwe kumkagua."

Mkurugenzi aliisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi, akacheka, na wengine wakacheka naye. Akasema chui yuko chini ya idara ya maonyesho, si ya wadudu. Mimi sikucheka.

Sababu ni hii. Kiasi cha miezi mitatu kabla ya hapo, nikimpangusa chui, niliona nyuma ya sikio lake pamenyonyoka, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Manyoya yalikuwa chini, juu ya lile zulia. Kazi yangu ya pili, baada ya kukata tiketi, ilikuwa kuhakikisha hakuna mgeni anayemshika chui, kwa hiyo nilijua kabisa nani angeulizwa. Nikaenda dukani nikanunua kopo la dawa ya viatu ya rangi ya kahawia na kopo la nyeusi. Nikampaka. Nilimchorea hata madoa, na nilijisifu kwamba nina mkono mzuri. Wiki iliyofuata pakanyonyoka ubavuni, kisha tumboni, kisha kwenye mkia, nami nikazidi kupaka. Kufikia siku ya fomu nilikuwa kwenye kopo la sita, na chui wetu aling'aa kama kiatu cha askari.

Basi siku ya bodi ikafika. Walikuja watu watano, mwenyekiti wao akiwa mama mmoja mtu mzima mwenye fimbo ya kutembelea, ambaye hakusema sana. Mkurugenzi alisimama jukwaani kando ya chui, akaanza kueleza ukumbi mpya utakavyokuwa. Alipofika penye neno "fahari" aliweka mkono mgongoni mwa mnyama.

Mkono ulipoondoka ulikuwa mweusi, na umebeba konzi ya manyoya. Mshono wa tumboni ukaachia kidogo. Kutoka ndani wakatoka vinondo ishirini, labda thelathini, rangi ya majani makavu, hawakuruka, walikimbia kwa miguu juu ya zulia kutafuta giza. Wajumbe wakarudi nyuma. Mmoja alijipangusa suruali ingawa hapakuwa na kitu.

Mkurugenzi aliutazama mkono wake, kisha akatazama korido ya nyuma. Alituma mtu amwite Mama Pini. Wifi alikuja na koti lake la kazi, akasimama mbele ya wageni wote wale, na Mkurugenzi akamwambia kwamba wadudu wake wametoka kwenye chumba chake na kummaliza chui. Akasema kabati zote saba za nondo zitolewe uani leo hii na kuchomwa moto, kabla hawajaingia kwenye chumba cha ndege.

Hapo ndipo nilipomtazama wifi yangu vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu harusi. Alikuwa amepauka. Mikono aliificha mifukoni. Kazi ya miaka thelathini na moja ilikuwa inatafutiwa kiberiti.

"Wangu wana pini kifuani, Bwana Mkurugenzi," alisema. "Hawatembei."

Alipiga magoti, akainua ncha ya zulia. Upande wa chini ulikuwa umejaa utandu na vijifuko vyeupe, na viwavi wadogo wakijikunja kwa mwanga. Alivitazama. Kisha akamtazama Mkurugenzi, na hakuna mfanyakazi asiyejua zulia lile lilitoka sebuleni kwa nani. Kisha akanitazama mimi, na hasa kucha zangu, ambazo hazikuwahi kutakata tangu nianze sanaa ile. Alijua. Nadhani alikuwa amejua siku nyingi.

Angesema maneno mawili tu, na droo zake zingepona. Akainuka, akakung'uta magoti, akawaambia wajumbe kwamba la muhimu sasa ni chui, kwamba viwavi hawajafika kichwani wala kwenye makucha, na akiwahiwa wiki hii atapona. Basi. Hakututaja.

Sikiliza, mimi nina mdomo, lakini sikuzoea kuutumia dhidi ya nafsi yangu. Niliona haya iliyonipanda kutoka miguuni. Mwanamke huyu alikuwa tayari kuona makabati yake yanaungua kuliko kumwaibisha mtu aliyembeza kwa robo karne. Nikatoka nyuma ya meza.

"Zulia ni lako, bosi," nikasema. "Na dawa ya viatu ni yangu. Kama kuna wa kuchomwa, tuanze na sisi."

Nikaeleza yote, tangu sikio mpaka kopo la sita, kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nikianza ndivyo nilivyo. Mkurugenzi aliinama, akainua ncha ya zulia lake mwenyewe, akachuchumaa kuvitazama viwavi. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine kidogo. Alimwambia wifi kwamba amekosea, na akaondoa agizo la moto papo hapo, mbele ya watu, na hilo sijalisahau, kwa sababu wakubwa wengi wangemwita koridoni wakamwombe radhi kwa siri.

Mama mwenyekiti alimuuliza wifi dawa ya chui ni nini.

"Baridi, mama. Baridi ya kugandisha nyama, kwa wiki mbili."

Makumbusho hayakuwa na friji kubwa kuliko ile ya maziwa ya chai ya walinzi. Lakini kaka yangu alikuwa na mkataba wa kuhudumia mitambo ya kiwanda cha aiskrimu, na kiwanda kile kilikuwa na chumba cha baridi ambacho gari dogo lingeweza kuingia. Alipigiwa simu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema atakuja na pikapu saa nane.

Tulimfunga chui kwa nailoni mara tatu, na wifi akanyonya hewa yote kwa mashine ya kufyonza vumbi, akitueleza kwamba hewa ikibaki, unyevu wake utageuka maji na kuozesha ngozi. Ndani ya nailoni mnyama alionekana ameshangaa. Tukamlaza nyuma ya pikapu juu ya magodoro, wifi akakaa kando yake ameshika shingo, nami nikashika mkia, na kaka akaendesha polepole mjini mchana kweupe. Watu walitufuata kwa miguu. Askari wa barabarani alitusimamisha, akachungulia, akauliza huyo anapelekwa wapi.

"Anaenda kula aiskrimu," kaka akamjibu.

Askari alifikiri kidogo, akatupisha. Mama wa stoo wa kiwandani ndiye aliyekuwa mgumu. Alitaka barua, alitaka muhuri, alitaka kujua kama chui ana ugonjwa wa kuambukiza vanila. Wifi alimjibu swali moja moja, kwa uvumilivu uleule ambao siku zote ulinikera, na siku hiyo nikaushukuru. Tulimwacha chui kati ya maboksi ya aiskrimu, mlango mzito ukafungwa, nami nikaondoka nikihisi nimemwacha mgonjwa wodini.

Kesho yake jukwaa lilikuwa tupu, na wageni hawakunionea huruma. Walitaka kujua wanalipia nini. Siku ya kwanza niliwajibu kwa ukali. Siku ya pili wifi alikuja na mtungi wa kioo uliofungwa barabara, ndani yake kipande cha lile zulia, fungu la manyoya ya chui, viwavi sita na nondo wawili. Akauweka katikati ya jukwaa tupu, akaweka lenzi ya mkononi kando, na kibao alichoandika mwenyewe: "Chui yuko hospitali. Aliyemlaza ni huyu."

Nilimwambia hakuna atakayetazama. Mama mmoja aliyembeba mtoto akasoma, akacheka, akainama na lenzi. Akakaa pale dakika kumi. Akaniuliza kiwavi yule amevaa nini, nami sikujua, nikaenda korido ya nyuma kuuliza. Wifi akaniambia kwamba anajifuma handaki kwa utandu wake na vipande vya manyoya anayokula, kwa hiyo anakaa ndani ya chakula chake. Nikarudi nikamwambia yule mama. Mwingine akauliza kama wakubwa wanauma. Nikajibu hawana hata mdomo, wanaishi wiki mbili tatu bila kula, kazi yao ni kutafutana na kutaga. Kufikia Ijumaa nilikuwa nawaeleza watu kabla hawajauliza. Walisimama foleni. Wengine walitoka kwenye lenzi wakaenda moja kwa moja korido ya nyuma, na safari hiyo hawakuwa wamekosea mlango.

Mimi mwenyewe nilianza kwenda huko mchana nikiwa na chakula changu. Alinifungulia droo za nondo wa nguo na ndugu zao, punje punje za rangi ya dhahabu. Nikamuuliza inakuwaje ampende mdudu mharibifu namna hiyo.

"Kabatini kwako ni mharibifu," alisema. "Porini, chui akifa, fisi wanakula nyama na kuondoka. Manyoya hakuna anayeyataka. Hao wadogo ndio wanaobaki kumaliza kazi. Bila wao ungekuwa unatembea juu ya manyoya ya chui wote waliowahi kufa, wifi."

Nilitafuna chakula changu nikitazama ile punje, na nikaona kwamba miaka yote nilikuwa nimelinganisha kwa macho tu, nani mkubwa na nani ana meno. Nilijisikia mjinga, na pia nilijisikia vizuri, mambo mawili ambayo kwangu hayakuwahi kuja pamoja.

Chui alirudi baada ya wiki mbili. Wifi alimsafisha dawa yote ya viatu kwa pamba na spiriti, akaushona mshono, na alama za kunyonyoka akaziacha zilivyo. Akaonekana mzee aliyetoka kuugua, na watu wakazidi kumpenda. Mtungi ulibaki jukwaani mbele yake, kwa ombi la Mkurugenzi.

Bodi ikakutana tena, safari hii bila hotuba. Mama mwenyekiti alisema ameona foleni kwa macho yake, na chumba cha wadudu kinaweza kubaki. Lakini nafasi mpya ya kazi haipo na haitakuwepo. Kama kuna mfanyakazi aliyemo tayari atakayekubali kuingia mle, ajifunze kwa Mama Pini miezi saba iliyobaki, basi chumba kitaendelea. Kama hayupo, mpango wa ghala uko palepale. Alitoa siku tatu.

Mkurugenzi aliuliza mmoja mmoja, na namsifu kwa kuuliza kwa unyenyekevu. Mtunza ndege alisema ndege wanamtosha. Mlinzi alisema mgongo wake hautaki kuinama. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Wifi hakuniuliza. Hakuwa mtu wa kuniuliza. Kaka ndiye aliyenipigia simu jioni ile, akaniambia kwamba mkewe anarudi nyumbani anakaa na sahani mbele yake, hali, na akiulizwa anasema ameshiba. Mtu aliyeniuliza kwa miaka ishirini na sita kama nimekula, yeye mwenyewe hali.

Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Sikusomea wadudu wala kitu kingine cha maana. Nilikuwa na mikono mizito na mdomo mwepesi, na meza yangu ya tiketi niliipenda, kwa kuwa pale dunia nzima ilinipitia. Usiku ule sikulala sana. Asubuhi ya siku ya tatu nilipita meza yangu bila kuketi, nikashika korido ya nyuma mpaka mwisho.

Nilimkuta anafunga kabati kwa kamba, tayari kwa ghala. Nikamwambia afungue. Akadhani nimesahau kitu droo mojawapo.

"Mimi ndiye nitakayekaa humu," nikasema. "Kama utaweza kunifundisha bila kunichoma pini."

Alinitazama. Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa, akaivua tena. Machozi yalimtoka wazi, nami yangu yakafuata, na tukasimama pale wanawake wawili wazima tukilia kati ya mende na nyigu. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yao, ambapo, nikiri, nilinuna. Kisha akaniambia nivue bangili, kwa sababu zitavunja vioo.

Somo la kwanza lilianza asubuhi hiyohiyo, kwani nilipokwenda kumwambia Mkurugenzi alikubali kabla sijamaliza sentensi. Wifi alinipa nondo mmoja wa nguo aliyekufa, kibano, na pini nyembamba kuliko unywele wa nyusi. Nilijitahidi. Nilishikilia pumzi. Pini ikaingia kifuani vizuri, nikashangilia mapema, kibano kikateleza, na bawa la kulia likavunjika katikati. Kwa haraka ya mazoea nikakisukuma kile kipande kwa kidole, kikakaa mahali pake, na mtu asingejua.

Wifi alikuwa anatazama. Alivuta mbele yangu kikaratasi kidogo kama ukucha, kile kinachokaa chini ya kila mdudu na kueleza habari zake, akaniwekea kalamu mkononi.

"Andika," aliniambia kwa upole. "Bawa la kulia limevunjika wakati wa kupigwa pini. Halafu uandike na jina lako."

Nikaandika yote mawili.